Masega ya gari ni mtaji, si chuma chakavu

Wanunuzi wa vyuma chakavu katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki wana bei za aina mbili. Chuma cha kawaida huwekwa kwenye mizani na kulipwa kwa kilo. Masega, yaani kile kikopo kilichofungwa kwenye bomba la moshi la gari, hununuliwa kimoja kimoja baada ya mnunuzi kutazama namba iliyogongwa kwenye ganda lake. Tofauti hiyo imewafanya baadhi ya wenye magari ya biashara kuamini kuwa wamekuwa wakitembea na fedha za bure chini ya gari.

Ndani ya masega mna gramu chache za platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ambayo bei zake zimepanda na kushuka kuliko mazao mengi yanayofahamika na wasomaji wa ukurasa wa masoko. Aunsi moja ya rodiamu ilikuwa chini ya dola 1,000 za Marekani mwaka 2016. Mwaka 2021 ilipita dola 25,000. Paladiamu nayo ilipita dola 3,000 mwezi Machi 2022. Ilipofika mwisho wa 2023 zote mbili zilikuwa zimeporomoka, rodiamu ikiwa chini ya dola 5,000 na paladiamu chini ya dola 1,500.

Mwenye Hiace au Canter aliyeng'oa masega wakati wa neema hiyo hakulipwa bei ya soko la dunia. Alilipwa kile kilichobaki baada ya dalali, msafirishaji na kiwanda cha kuyeyusha kujikatia faida zao. Siku atakapotakiwa kuyarudisha, atanunua kwa bei ya rejareja. Kuuza kwa jumla na kununua kwa rejareja ni biashara ambayo hata muuza nyanya wa Kariakoo hawezi kuifanya mara mbili.

Hasara hiyo ni ndogo ikilinganishwa na nyingine mbili. Ya kwanza ni ya injini inayokosa wa kuisemea inapougua. Ya pili ni ya fundi anayetumwa kukagua moshi bila vifaa wala utaratibu, huku mwenye mali akihesabu dakika. Mfumo wa kudhibiti moshi ni sehemu ya mtaji kama zilivyo breki na matairi. Unastahili kukaguliwa kwa ratiba, na kwa namna isiyomgharimu mtu uhai wake.

SHAHIDI WA INJINI

Masega hayafi yenyewe, huuawa. Plagi isiyochoma vizuri hupeleka petroli mbichi kwenye bomba la moshi, nayo huwakia ndani ya masega na kuyayeyusha. Pete za pistoni zilizochoka hupitisha oili, na majivu ya oili huyaziba. Gasketi ya silinda inayovujisha maji nayo huyaharibu. Kwa hiyo anayeambiwa kuwa masega yameziba ameambiwa nusu tu ya habari. Nusu ya pili, ambayo ndiyo ghali, iko ndani ya injini.

Mafundi wengi wa mitaani husema gari huwa jepesi masega yakitolewa. Hilo laweza kuwa kweli kwa siku chache ikiwa yalikuwa yameziba, kwa sababu moshi umepata njia. Lakini kilichoyaziba kipo palepale, kinaendelea kula injini. Kibaya zaidi, ili taa ya injini kwenye dashibodi isiwake, sensa ya oksijeni iliyo nyuma ya masega hudanganywa au taa yenyewe huzimwa. Mwenye gari anakuwa amelipa fedha ili asipewe taarifa ya mali yake mwenyewe.

Taa hiyo ina lugha yake. Ikiwaka bila kupepesa, kuna hitilafu iliyoandikwa kwenye kompyuta ya gari na inafaa ikasomwe mapema. Katika magari mengi ya petroli, ikipepesa maana yake injini inakosa kuchoma vizuri na masega yanaharibika wakati huohuo. Dereva anayeendelea na safari kutoka Morogoro hadi Dodoma huku taa inapepesa anachoma mtaji wa bosi wake njiani.

Kwa magari ya dizeli mambo yameongezeka. Malori mengi yaliyotumika yanayoingia kutoka Japani na Ulaya yana chujio la masizi, ambalo mafundi hulitaja kwa herufi za DPF, na vali ya EGR inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini. Mengine yana tangi la maji ya urea, yaani AdBlue, mchanganyiko wenye urea asilimia 32.5, unaopulizwa kwenye moshi ili kupunguza oksidi za nitrojeni. Chujio la masizi hujisafisha kwa kuunguza masizi pale moshi unapofikia joto la kama nyuzi 600 za Sentigredi. Gari linaloshinda kwenye foleni za mjini mara nyingi halifikii joto hilo. Masizi hujaa, taa huwaka, fundi hutoboa chujio, na mwenye gari hudhani amepona.

Zamani utetezi ulikuwa kwamba mafuta yetu ni machafu. Utetezi huo umepungua nguvu. Petroli yenye risasi iliondolewa sokoni kusini mwa Sahara ifikapo mwaka 2006, na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza mwaka 2015 kutumia kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni katika dizeli. Mafuta yaliyochakachuliwa bado ni adui, na ndiyo maana vituo vya kujazia huchunguzwa kwa vinasaba. Lakini anayenunua kwenye dumu la kando ya barabara asimlaumu Mjapani aliyetengeneza chujio.

HATARI ANAYOBEBA FUNDI

Moshi wa gari una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Mtu huanza kuumwa kichwa, kuona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hukosa nguvu za kutoka. Fundi anayelalamika kichwa kila jioni mara nyingi huambiwa ana malaria au amechoka. Nchini Marekani sheria ya kazi imeweka ukomo wa sehemu 50 kwa milioni kwa wastani wa saa nane, na wataalamu wa huko huhesabu sehemu 1,200 kuwa kiwango cha kuhatarisha maisha papo hapo. Injini ya petroli isiyo na masega, katika banda lililofungwa, yaweza kukifikisha chumba kwenye viwango vya hatari kwa muda mfupi.

Moshi wa dizeli una mkondo wake. Mwezi Juni 2012, taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza saratani iliuweka moshi huo katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Anayeuvuta zaidi si mwenye gari. Ni fundi, utingo, mlinzi wa geti na mpakiaji wa ghalani.

Sheria haziko kimya. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kenya ilipata sheria yake ya usalama kazini mwaka 2007. Zile za usalama kazini zinamwekea mwajiri wajibu wa kulinda anayemfanyia kazi. Mwenye malori matatu na fundi mmoja wa kudumu naye ni mwajiri, hata kama ofisi yake ni kiti cha plastiki chini ya mwembe.

UKAGUZI WA BARIDI KWANZA

Sehemu kubwa ya ukaguzi wa mfumo wa moshi hufanyika injini ikiwa imezimwa na imepoa. Hapa ndipo wengi hukosea. Gari likifika tu kutoka safari, fundi huingia chini. Masega hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 400 hadi 800, na ganda lake huendelea kuunguza muda mrefu baada ya injini kuzimwa. Kufungua kifuniko cha rejeta wakati huo ni kujimwagia maji yanayochemka.

Utaratibu salama ni rahisi. Gari liegeshwe mahali tambarare, gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe na matairi yawekewe kabari. Ufunguo ukae mfukoni mwa aliye chini ya gari, usiachwe kwa dereva wala utingo. Jeki ni ya kuinulia tu. Kazi ifanyike gari likiwa limekalia vigoda vya chuma. Tofali na gogo si vigoda.

Baada ya hapo macho yafanye kazi. Alama nyeusi za masizi kwenye maungio zinaonyesha mahali moshi unapovuja. Bomba lililochomelewa upya mahali pa masega linaonyesha kuwa yamekwisha kuuzwa. Ganda likigongwa taratibu kwa nyundo ya mpira na kusikika vipande vikicheza ndani, masega yamevunjika. Kwenye lori lenye chujio la masizi, kitambaa cheupe kipitishwe ndani ya mdomo wa bomba. Kikitoka cheusi tititi, chujio limetobolewa au limepasuka. Nyaya za sensa, mipira ya vali, filta ya hewa na kipimo cha oili vitazamwe palepale. Unga mweupe kuzunguka tangi la urea ni dalili ya kuvuja.

Jambo moja lipigwe marufuku kabisa, nalo ni kuvunja masega kwa nyundo na kupuliza vumbi lake kwa kompresa. Vumbi hilo laini halitakiwi kuingia mapafuni. Anayelazimika kugusa masega yaliyovunjika avae barakoa ya vumbi na glavu, na aokote kwa kulowesha.

INJINI IKIWAKA

Kipimo cha moto hufanyika nje, upepo ukitoka upande wa mkaguzi, na watu wawili wakiwapo: mmoja kwenye usukani na mwingine mahali anapoonekana. Hakuna anayesimama nyuma ya bomba wala mbele ya gari. Nguo zilizolegea, khanga, tai na kamba za kitambulisho ziondolewe kabla ya kufungua boneti, maana feni na mkanda havichagui. Ikibidi kazi ifanyike ndani, bomba la moshi liunganishwe na mpira unaoutoa nje na milango yote iwe wazi.

Rangi ya moshi ni taarifa ya kwanza. Moshi mweusi ni dizeli nyingi au hewa kidogo, hivyo filta na nozeli zitazamwe. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokwisha injini ikishapata moto waweza kuwa maji yanayoingia silindani au dizeli isiyoungua. Anayetafuta uvujaji wa dizeli kwenye mabomba ya nozeli asitumie kidole. Injini za kisasa husukuma dizeli kwa shinikizo linaloweza kupita baa 1,500, na uzi mwembamba wa dizeli hiyo hupenya ngozi bila maumivu makubwa mwanzoni. Jeraha la namna hiyo ni la kukimbiza hospitali siku hiyohiyo.

Injini ya dizeli hupimwa uzito wa moshi kwa kukanyaga mafuta ghafla gari likiwa limesimama. Kipimo hicho kinaweza kuua injini iliyotelekezwa. Kabla yake oili iwe imefikia kipimo, injini iwe imepata moto, na mwenye gari aulizwe mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Asipojua, fundi aongeze mzunguko taratibu kwanza na kusikiliza. Kukataa kupima injini yenye dalili mbaya ni haki ya fundi na ni faida ya mwenye mali.

Petroli hupimwa kwa mashine ya gesi nne. Uingereza, ambako ukaguzi wa kila mwaka ni desturi ya miaka mingi, gari la kawaida lenye masega halitakiwi kuzidi asilimia 0.2 ya kaboni monoksidi injini ikizunguka mara 2,500 hadi 3,000 kwa dakika. Kiwango hicho kinafaa kuwa kipimo cha mnunuzi makini hata mahali ambapo hakuna anayemlazimisha.

KARATASI SI KIPIMO

Cheti cha ukaguzi kina thamani pale tu nyuma yake kuna mashine na mtu mwaminifu. Dunia ilijifunza hilo Septemba 2015, ilipobainika kuwa Volkswagen iliweka programu iliyolifanya gari la dizeli litoe moshi safi wakati wa majaribio na moshi mchafu barabarani. Magari yapatayo milioni 11 yalihusika. Shaka ilianzia kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia waliopima magari yakiwa barabarani badala ya kuamini karatasi. Kama kampuni kubwa namna ile iliweza kuwalaghai wakaguzi wa nchi tajiri, stika kwenye kioo cha Coaster haiwezi kuwa ushahidi wa mwisho.

JENERETA NA FOKLIFTI

Moshi wa kazini hautoki kwenye magari peke yake. Miaka ya mgao wa umeme ilijaza jenereta nyuma ya maduka, saluni na mashine za kusaga. Tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uanze kuzalisha umeme Februari 2024, jenereta nyingi zimepata mapumziko. Jenereta iliyopumzika ndiyo inayowashwa kwa haraka siku umeme unapokatika, mara nyingi kwenye korido au chini ya ngazi, bila mtu kukumbuka kuwa bomba lake lilitoboka. Jenereta haina mahali salama ndani ya nyumba, hata madirisha yakiwa wazi. Ikae nje, mbali na dirisha, na bomba lake lielekezwe kusiko na watu.

Katika maghala ya kahawa, chai na bidhaa za viwandani, foklifti za gesi ya kupikia huonekana safi kwa sababu hazitoi moshi mweusi. Kaboni monoksidi haionekani. Foklifti isiyorekebishwa vizuri, ikifanya kazi siku nzima ghala likiwa limefungwa kwa hofu ya wezi au mvua, ni hatari kuliko lori linalofuka nje. Kengele ndogo ya kupima gesi hiyo ukutani ni gharama isiyolingana na kupoteza mpakiaji mmoja. Na lori linalojisafisha chujio lisiegeshwe kando ya marobota ya pamba au katani, wala juu ya majani makavu.

HESABU YA MWENYE LORI

Wapo watakaosema haya ni mambo ya nchi zenye fedha. Kalamu ijibu. Chukua mfano wa lori linalokwenda kilomita 5,000 kwa mwezi na kutumia lita 40 kwa kila kilomita 100. Hilo ni lita 2,000 kwa mwezi. Filta chafu na nozeli mbovu zikiongeza asilimia 5 tu, mwenye lori anamwaga lita 100 kila mwezi, lita 1,200 kwa mwaka. Azizidishe kwa bei ya dizeli ya kituo anachotumia, kisha alinganishe na bei ya filta, usafishaji wa nozeli na saa mbili za fundi. Moshi mweusi unaofuata lori mlimani ni dizeli iliyolipiwa ambayo haikufanya kazi.

Mashine ya gesi nne ni ghali kwa mtu mmoja, na hapo ndipo wamiliki wadogo wanapojidhulumu kwa kila mmoja kwenda kivyake. Wenye daladala wa njia moja, au wanachama wa SACCOS ya wasafirishaji, wanaweza kununua mashine moja na kumlipa fundi mmoja aliyefunzwa. Kifaa cha kusoma hitilafu za kompyuta ya gari ni nafuu zaidi, na hakuna sababu ya gereji inayojiheshimu kukikosa.

Mnunuzi wa gari lililotumika naye ana nguvu ambayo hajaitumia. Aombe kuona masega kabla ya kuuliza bei ya mwisho. Awashe gari likiwa baridi, atazame taa ya injini ikiwaka ufunguo unapowashwa kisha ikizima injini ikishika. Taa isiyowaka kabisa imefichwa kitu. Kilichokosekana kikatwe kwenye bei palepale. Wauzaji wakijua kuwa gari lisilo na masega hushuka bei, biashara ya kuyang'oa itapoa bila askari hata mmoja kusimama barabarani.

Mwisho kabisa, kuwe na daftari. Tarehe, kilomita, rangi ya moshi, namba za kipimo na jina la fundi aliyepima. Bei ya rodiamu itapanda tena na kushuka tena, na wanunuzi wa vyuma chakavu watarudi na noti mkononi. Mwenye daftari atajua anachoulizwa auze. Wahenga walikwisha kusema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na fundi asiye na kabari, kigoda wala hewa safi huweza kupotea vivyo hivyo.